Nyumba na Mto: Mgeni Aitwaye Kongo ya Sika

Leo twataka kusema habari za jani moja. Huenda wengine wakashangaa na kuuliza kama gazeti la jamaa halina neno kubwa kuliko jani. Lakini kila mtu akaaye kando ya mto hapa Kisangani alijua jani hili, na wengi wamekwisha kulilaani asubuhi kabla mtumbwi haujafika nusu ya maji. Majani yake ni ya mviringo, mazito, yang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Kikonyo cha kila jani kimevimba katikati mfano wa kibofu, na ndani yake mna hewa, ndiyo sababu mmea wote waelea. Mizizi yake ni myeusi, laini kama manyoya, nayo yaning'inia majini bila kushika udongo. Maua yake ni ya zambarau hafifu, na katika kijani cha ua kilicho juu pana doa la manjano kama jicho. Ni ua zuri. Twakiri uzuri wake tangu mwanzo, maana uzuri ndio mlango lililopitia.

Ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki waliita gugu maji. Sisi watu wa mto twaliita kwa Kilingala Kongo ya sika, ndiyo kusema Kongo mpya. Jina hili lina kicheko ndani yake, na uchungu pia. Wazee walioliona likija waliona kwamba mto walioujua tangu utoto umevaa vazi jingine, wala hapakuwa na mtu aliyewauliza kama walitaka vazi hilo.

Kwao hasa ni Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon. Huko halimsumbui mtu sana, kwa maana lina adui zake: wadudu walitafunao, magonjwa yalidhoofishayo, na mafuriko ya kila mwaka yalibebayo na kulitupa. Katika karne ya 19 watu wapendao bustani walilichukua, wakalipanda katika mabwawa ya maua, kwanza Ulaya, kisha pande nyingine za dunia. Yasimuliwa kwamba katika maonyesho makubwa ya New Orleans, Marekani, yaliyoanza mwaka 1884, wageni waligawiwa gugu hili kama zawadi ya kwenda nayo nyumbani. Iwe hivyo au isiwe, jambo moja ni hakika: haikupita miaka mingi, mito ya Florida na Louisiana ikajaa hata merikebu za moshi zikashindwa kupita, na mwaka 1899 Baraza la Marekani likatunga sheria ya kuliondoa. Misri nayo ilipata gugu hili kabla karne ile haijaisha. Kila mahali hadithi ni ile ile. Mtu alilipenda, alilipanda katika bwawa lake, likazidi, naye akalitupa mtoni.

Katika mto wetu lilitambuliwa mwaka 1952. Kufikia mwaka 1955 lilikuwa limekwisha kuenea kati ya Léopoldville na Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo, mwendo wa kilometa 1,600 na zaidi za maji. Miaka mitatu tu! Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Kushuka na mto si ajabu. Kila kitu kieleacho hushuka. Lakini gugu hili halikushuka tu, lilipanda pia, likaenda kinyume cha mkondo. Ni kweli kwamba majani yake hushika upepo kama matanga, na penye maji yaliyotulia upepo huweza kulisukuma kidogo kuelekea juu. Lakini upepo haupandishi jani kilometa 1,000. Lililolipandisha ni meli. Lilinasa katika minyororo, katika majahazi ya chuma yanayosukumwa pamoja, katika usukani na rafadha. Lilijificha chini ya kuni zilizopakiwa kando ya mto. Likashuka bandarini pamoja na abiria, bila tiketi. Na hatuna budi kusema pia ya kuwa watu walilibeba kwa mikono yao. Huyu alipenda maua yake, yule alitaka kufunika samaki wake wasichomwe na jua njiani, na mwingine akawapelekea nguruwe wake.

Tuieleze sasa nguvu yake, maana pasipo kuielewa mtu atadhani twapiga kelele bure. Mmea mmoja hutoa vikonyo virefu pande zote juu ya maji, na mwisho wa kila kikonyo huchipua mtoto. Mtoto huyo akiisha kuota mizizi, kikonyo chaweza kukatika, naye huanza maisha yake mwenyewe na kutoa watoto wake. Katika maji ya moto yenye chakula kingi, idadi yao hujizidisha mara mbili kwa muda wa juma moja au mawili hivi. Wanafunzi watufanyie hesabu. Tuseme majuma mawili. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Baada ya majuma 20 wamekuwa 1,024. Baada ya majuma 40, kama hakuna kilichowazuia, wamepita 1,000,000. Zaidi ya hayo gugu hili lina mbegu, nazo huzama matopeni na kukaa hai kwa miaka 15 au zaidi. Kijiji chaweza kusafisha bandari yake hata pasionekane jani, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule akafika darasani, kisha maji yakapungua siku moja, jua likapiga tope, na mbegu zikaamka.

Basi ubaya wake ni nini? Mgeni apitaye katikati ya mto wetu mkubwa, akiona visiwa vya kijani vikishuka polepole na ndege weupe wamesimama juu yake, atasema ni picha nzuri. Penye mawe ya Wagenya, ambapo mto waanguka kwa kishindo na wavuvi husimika miti yao mikubwa na kutega migono, maji yana nguvu mno na gugu halipati mahali pa kukaa. Shida haiko penye nguvu. Iko penye utulivu: nyuma ya visiwa, katika vijito, katika midomo ya mito midogo, katika ghuba ambamo mitumbwi hulala usiku. Na huko ndiko waishiko maskini wa mto. Ukishuka kutoka Kisangani kwenda Yangambi na Isangi, mto wapanuka, visiwa ni vingi, njia za maji zagawanyika kama mishipa ya mkono. Njia ndogo ikifungwa, mama aendaye sokoni na mihogo yake hana budi kuzunguka kwa njia kubwa, penye mawimbi ya meli, akiwa na mtoto mgongoni. Kwa mtu wa ofisini hilo ni neno dogo. Kwa mama yule ni saa mbili za kupiga kafi, na pengine ni hatari ya maisha.

Mvuvi naye atega jarife lake jioni. Usiku kisiwa cha gugu chashuka, chalala juu ya wavu kwa uzito wa tani nyingi, maana mmea huu karibu wote ni maji. Asubuhi wavu haupo, au umepasuka vipande. Wavu huo huenda ulinunuliwa kwa deni. Chini ya zulia la majani mwanga hauingii. Majani yafayo huzama na kuoza, na kule kuoza hula hewa iliyo majini, hata samaki hukosa pumzi. Wenye kuvumilia ni wale wajuao kuvuta hewa ya juu, kama kambale na kamongo. Wengine hukimbia au hufa. Konokono wabebao kichocho hupenda mizizi yale, na mbu huzaa katika maji yaliyosimama kati ya majani. Watoto waogao pale hawajui lolote kati ya hayo, wanajua tu kwamba maua ni mazuri na kwamba vibofu hulia vikipasuliwa.

Tuwe waadilifu hata kwa gugu. Samaki wachanga hujificha katika mizizi yake, na wavuvi wengine hutega kando ya zulia kwa sababu hiyo. Mizizi hunasa uchafu mwingi wa maji. Nalo halikujileta. Tena twapenda kuongeza neno ambalo halisemwi mara nyingi: gugu hunenepa penye uchafu wetu. Maji ya mto wa msitu, yale meusi kama chai, yana chakula kidogo cha mimea. Lakini pale mifereji ya mji ishukapo, na vyoo, na takataka za soko, hapo meza imeandaliwa. Mtaa ulalamikao juu ya Kongo ya sika na huku ukimwaga kila kitu mtoni wamlisha nguruwe na kumlaumu kwa kunenepa.

Serikali ya Wabelgiji ilipigana nalo. Miaka ile ya 1950 walikataza watu wasilifuge wala kulichukua, wakalinyunyizia dawa ya kuua majani iitwayo 2,4-D. Dawa iliua kweli. Lakini mto huu si shamba la kahawa lenye mipaka. Kila kijito kilichosahauliwa kilikuwa ghala ya mbegu na machipukizi, na kila mafuriko yalifungua ghala. Kisha machafuko yaliyofuata uhuru wa mwaka 1960 hayakuacha nafasi ya kazi ya namna hiyo, na watu wa Kisangani walikuwa na misiba mikubwa kuliko majani. Nasi hatutamani dawa ile irudi katika maji ambayo watu wayanywa.

Mtu hodari wa mawazo ataibuka na kusema: tumlete mnyama wa kulila. Wazo hilo si jipya. Mwaka 1910 mjumbe mmoja wa Baraza la Marekani, Robert Broussard wa Louisiana, alipendekeza sheria ya kuleta viboko kutoka Afrika, wale gugu na watu wale viboko. Sheria haikupita. Sisi tuwajuao viboko, na tuliokwisha kuzika watu waliopinduliwa mitumbwi nao, twaweza kucheka kidogo hapa na kuwapongeza watu wa Louisiana kwa bahati yao. Lakini tucheke kwa kiasi, maana kosa la kumtibu mgeni kwa mgeni asiyejulikana limefanyika mara nyingi mahali pengine, tena bila kicheko.

Kuna namna moja ambayo imefaa, nayo ilikuja kwa uvumilivu. Wataalamu walikwenda Amerika ya Kusini kumtafuta adui wa gugu huko huko kwao, wakapata fukusi wadogo wa namna mbili, wenye rangi ya kahawia, ambao mabuu yao hutoboa vikonyo vya majani na kuvijaza mashimo. Kabla ya kuwafungulia, waliwajaribu kwa miaka juu ya mimea mingine mingi, waone kama watashambulia mchele au mboga za watu. Marekani ilianza kuwafungulia mwaka 1972. Sisi wa Afrika tumeona kazi yao katika ziwa Victoria. Gugu liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likiletwa na mto Kagera utokao upande wa Rwanda na Burundi, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika hektari zipatazo 20,000. Bandari za Kisumu na Port Bell zilifungwa kwa majani, meli zilikaa bila kazi. Uganda ilianza kufungulia fukusi mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata. Kwa muda wa miaka michache sehemu kubwa ya zulia ilizama. Wataalamu wengine wasema mvua kubwa na mawimbi ya mwaka 1997 na 1998 yalisaidia. Yawezekana ni yote mawili. Lakini halikuisha. Limerudi mara kadhaa tangu hapo, hasa katika ghuba ya Kisumu, na watu wa kule wamejifunza kulisuka vikapu na viti ili angalau wapate ada ya usumbufu.

Hapo twafika penye swali gumu. Je, kila kiumbe kiletwacho kutoka mbali ni kibaya? Wasomaji wetu wa Bukavu na Goma watatujibu mara moja, maana wao hula sambaza. Samaki wale wadogo hawakuwamo katika ziwa Kivu zamani. Walitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu katika miaka ya 1958 hadi 1960. Katikati ya ziwa lile hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vidogo vya maji; nafasi ilikuwa wazi. Sambaza wakaijaza, na leo usiku taa za wavuvi zaonekana ziwani kama mji, na jamaa nyingi zapata kitoweo na ada ya shule kwa kazi hiyo. Hata hivyo wataalamu waliochunguza maji wameona kwamba vijidudu wengine waliokuwa wengi kabla ya sambaza wametoweka. Faida ipo, na gharama ipo, ila gharama haipiki wala hailii, kwa hiyo haionekani.

Sangara wa ziwa Victoria ni habari nyingine. Walitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ili samaki wawe wakubwa. Wakakaa kimya kwa miaka 20 hivi, hata watu wakadhani mambo yamekwisha, kisha katika miaka ya 1980 wakafurika. Viwanda vikajengwa, ndege zikabeba minofu kwenda Ulaya, na wakati huo huo furu, wale samaki wadogo wa ziwa lile ambao hawapatikani mahali pengine duniani, wakamezwa. Yakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zimepotea au zimepungua mno. Mama aliyezoea kununua furu wa bei ndogo hakuwa na fedha ya kununua mnofu wa sangara.

Na katika mto wetu yuko samaki mwenye magamba makubwa, mrefu hata kufikia meta moja, ambaye wavuvi wa sehemu nyingi humwita naye Kongo ya sika. Jina moja na gugu! Wataalamu humwita Heterotis. Asili yake ni Nile na mito ya Afrika ya Magharibi. Wafaransa walimfuga katika mabwawa ya Afrika ya Kati, akatoroka kuingia Ubangi, na Ubangi waingia mto Kongo. Leo yupo sokoni, nyama yake huliwa, wala hatuoni watu wakimlilia. Lakini hapakuwa na mtu aliyeamua awemo. Bwawa lilivuja, basi. Ndipo penye shina la mambo yote tusemayo leo. Bwawa ni la mtu mmoja, mto ni wa wote, na kati ya bwawa na mto pana ukuta wa udongo ambao mvua ya usiku mmoja yaweza kuubomoa.

Wala tusidhani ya kuwa ni Afrika tu ipokeayo wageni wa majini. Sisi nasi tumewapeleka. Yuko chura wa Afrika ya Kusini, mwenye kucha katika miguu ya nyuma na ngozi laini, ambaye tangu miaka ya 1930 alitumwa kwa maelfu Ulaya na Amerika, kwa kuwa madaktari walimtumia kujua kama mwanamke amepata mimba. Baadaye njia nyingine zikapatikana, vyura wakabaki. Wengine walitoroka, wengine walifunguliwa mtoni na watu wenye huruma. Leo wanaishi bila ruhusa Ufaransa, Chile, Ureno na California, nao hula viluwiluwi vya vyura wenyeji.

Ulaya pia kuna mnyama ambaye sisi hatunaye katika msitu wetu. Umbo lake ni kama la mjusi mwenye mkia, ila hana magamba. Ngozi yake ni laini na yenye maji kama ya chura, na wakati wa kuzaa huingia katika mabwawa. Madume mengine huvaa rangi za kupendeza sana majira hayo. Basi watu wa Uingereza wapendao bustani waliwaleta wa milima ya Ulaya, wakawatia katika vidimbwi vya maua nyumbani, na kutoka vidimbwi hivyo, kwa miguu yao midogo au kwa ndoo za watoto, wakaenea katika madimbwi ya mashambani. Mwaka 2013 walionekana hata New Zealand, mwisho wa dunia. Mtu atasema: mnyama mdogo hivi, apungukiwe na nini huyo wa shamba? Lakini katika biashara ya wanyama hao, waletwao kutoka Asia ili wakae katika vioo vya nyumbani, ulikuja ukungu ulao ngozi. Wa Asia wauvumilia. Jamaa zao wa Uholanzi, weusi wenye madoa ya manjano, karibu wafe wote katika miaka michache, na ukungu huo ulipewa jina na wataalamu mwaka 2013. Aliyenunua mnyama mmoja mzuri kwa ajili ya mwanawe hakununua mnyama tu.

Turudi Kisangani. Twafanyaje? Hatutawadanganya wasomaji wetu kwa kusema gugu litang'olewa mtoni lote. Haitakuwa hivyo. Lakini kuna sehemu ambazo hazijaingiliwa bado: bwawa la samaki la jamaa fulani, kijito cha nyuma ya shule, chemchemi ya mtaa. Hizo ndizo za kulindwa, na ulinzi wake hauhitaji fedha kutoka nje.

Kwanza, gugu lisichukuliwe kamwe kutoka mtoni kupelekwa penye maji mengine, hata kwa ajili ya altare ya Sikukuu. Maua mengine yapo. Mwenye mtumbwi, na zaidi mwenye baleniere itokayo safari ndefu, aangalie rafadha, kamba na maji yaliyomo chini ya mbao kabla ya kuingia kijito. Vipande vitolewe na kuanikwa juu ya chuma au mawe hadi vikauke. Anayefuga samaki aweke wavu wa matundu madogo penye mlango wa kutokea maji, nao ukaguliwe baada ya kila mvua kubwa. Na penye bandari ya mtaa, afadhali watu kumi wang'oe kila juma kidogo kidogo, kabla maua hayajafunguka, kuliko mtaa mzima kutoka mara moja kwa mwaka kwa kelele na ngoma. Tumewahi kuona kazi nzuri ya namna hiyo ikiharibika kwa jambo dogo: majani yalirundikwa ukingoni kabisa, mto ukajaa, ukayachukua tena. Yarundikwe mbali, palipoinuka. Yakioza vema, huwa mbolea ya migomba na mboga. Wafugao nguruwe waweza kuwapa, wakichanganya na chakula kingine, maana mnyama hawezi kuishi kwa maji yaliyovaa jani.

Neno la mwisho ni la wanafunzi, hasa wale wa Lubunga wavukao mto kila siku kwa mtumbwi na kulipita gugu asubuhi na jioni. Mwalimu akikubali, chukueni mmea mmoja mchanga, mwutie katika beseni la maji ya mto palipo na jua, ndani ya uwanja wa shule. Kila Jumamosi hesabuni mimea na kuandika idadi katika daftari. Endeleeni kwa majuma nane. Beseni lisiachwe wazi kwa mbu. Wekeni chandarua kikuukuu juu yake. Mkiisha, anikeni mimea yote juu ya bati la moto hata ivunjike mkononi kama karatasi, kisha ichomeni. Na maji ya beseni mmwage katikati ya uwanja, penye mchanga mkavu, mbali na mfereji.